Maneno Mawili Yaliyokosekana Mlangoni

Kabla hamjajifunza kuhesabu alama, ninyi mnaoanza kazi ya uamuzi wa briji, mchezo wetu huu wa karata, jifunzeni kubandika karatasi. Najua mtacheka. Siku hizi mashine inachanganya karata na kuzigawa ukiwa bado unakoroga chai, na matokeo yanafika kwenye simu ya mchezaji kabla hajanyanyuka kitini. Halafu anakuja huyu Hajati Zamzam wa Kyebando kuwaambia habari za karatasi na gundi. Vumilieni. Nimekuwa karani na baadaye mwamuzi wa mchezo huu hapa Kampala kwa zaidi ya miaka thelathini, na kosa langu kubwa kuliko yote sikulifanya mezani. Nililifanya mlangoni.

Niliingia kazini bila kujua hata turufu ni nini. Mimi ni Mnubi, baba yangu alikuwa polisi, na nyumbani kwetu karata zilikuwa kitu cha wanaume wasio na kazi. Klabu ilitaka mtu wa kuandika majina na kupiga taipu. Nikapewa meza karibu na birika la chai, na aliyenipokea alikuwa Mzee Jivan, Mhindi aliyekuwa na duka la dawa mjini, mwamuzi mkuu wa wakati huo. Alikuwa mwembamba, mwenye suruali iliyopandishwa juu mno, na sauti yake hukuweza kuisikia bila kusogea karibu. Waamuzi wengi hupaza sauti. Yeye alishusha, na ukumbi mzima ulinyamaza ili umsikie.

Siku yangu ya kwanza alinionyesha kibao, kile kikasha bapa chenye mifuko minne, kila mfuko na karata kumi na tatu.

"Hizi karata," akaniambia, "zitazunguka meza zote. Atakayekaa kaskazini hapa na atakayekaa kaskazini meza ile watashika karata zile zile. Ukipata mbovu, wenzako nao wamepata mbovu. Kwa hiyo bahati tumeifungia nje. Kinachobaki ni akili."

"Sasa mimi kazi yangu nini?"

"Kuhakikisha haingii tena kupitia dirishani."

Wiki ya pili niliiingiza mwenyewe. Feni ilipeperusha karata za meza moja, nikaziokota kwa haraka, nikazirudisha kwenye mifuko kwa kukisia. Meza iliyofuata bwana mmoja akajikuta na karata kumi na nne, mwenzake kumi na mbili, na wote wawili walikuwa wameshazitazama. Kibao kizima kikafutwa. Nilidhani nitafukuzwa. Mzee Jivan alinipa kibao kile kile akaniambia nikae nihesabu kila mfuko, uso wa karata chini, mara kumi. Tangu siku hiyo vidole vyangu vinahesabu kumi na tatu hata ninapopanga vijiko. Wafundisheni wachezaji wenu hivyo: kuhesabu kwanza, kutazama baadaye. Ni jambo dogo, lakini linaokoa mchana mzima.

Sasa nije kwenye mchujo.

Zamani timu ya kwenda mashindano ya Afrika haikuchezewa. Iliteuliwa. Kamati ilikaa na sahani ya sambusa, mmoja akataja jina, mwingine akasema huyo simjui vizuri, wa tatu akasema yule mke wake mkarimu sana, na zikipatikana jozi tatu za wachezaji wawili wawili kikao kimekwisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika. Mwaka mmoja jozi iliyokuwa imeshinda karibu kila wiki iliachwa kwa sababu, nanukuu daftari langu, "hawajazoea kusafiri". Watazoea lini sasa?

Mzee Jivan ndiye aliyekataa. Alisimama kikaoni na ile sauti yake ya chini: "Tunawapa karata sawa, kisha tunawapa milango tofauti. Basi tusiwadanganye na vibao." Ilichukua muda, watu wakanuna, wengine wakahama klabu, lakini hatimaye tukapata mchujo wa kweli: jozi zote zicheze, tatu za kwanza ziende. Na kanuni zote ziandikwe na kubandikwa mlangoni wiki tatu kabla ya karata ya kwanza. Vibao vingapi, alama zikilingana inakuwaje, mchezaji akiugua nani anaruhusiwa kukaa mahali pake, na nani hasa anastahili kuiwakilisha nchi. Namshukuru mzee yule mpaka leo, maana kabla yake sikujua kwamba mlango nao ni sehemu ya mchezo.

Miaka ikapita, Mzee Jivan akastaafu, nikakalia kiti chake. Ndipo akaja Byamungu.

Byamungu alikuwa fundi cherehani pale Kyebando, si mbali na kwangu, Mkongomani wa Bukavu aliyevuka mpaka na mkewe wakati wa vita. Briji alifundishwa na padri shuleni, kwa Kifaransa. Siku ya kwanza alipokaa mezani akatangaza, "Mbili piki!" akimaanisha shupaza. Aliyekaa mkabala naye alikuwa Nakato, mwenye majokofu ya samaki kule Ggaba, mwanamke wa maneno mengi.

"Piki mbili za nini, ssebo?" akauliza, yaani bwana. "Sisi hapa tunacheza kalata. Pikipiki za boda ziko nje."

Ukumbi ukaangua kicheko, Byamungu akacheka kuliko wote, na hapo ikazaliwa jozi. Nakato hesabu zake zilikuwa za kutisha. Alizoea kutazama lundo la sangara na kukuambia wako wangapi, na karata alizishika kichwani vivyo hivyo. Byamungu alikuwa mpole, mwenye subira ya mtu anayetia uzi kwenye sindano kutwa nzima. Ndani ya mwaka mmoja na nusu walikuwa wanamsumbua kila mtu.

Wakati huo kanuni yetu ya uwakilishi ilisema mchezaji awe raia. Basi kamati ikakaa, tukajadili, tukakubaliana kwamba aliyeishi hapa miaka miwili au zaidi naye anastahili, kama nchi nyingi zinavyofanya. Nilikiandika kikao hicho kwa mkono wangu, kwenye daftari lile gumu: "raia au mkazi". Kisha nikakaa kwenye kompyuta kuandaa karatasi ya mlangoni. Nilifanya nini? Nilifungua faili ya mwaka uliopita. Nikabadilisha tarehe, nikabadilisha idadi ya vibao, nikabadilisha namna ya kuamua alama zikilingana, maana hiyo ndiyo iliyokuwa imetuletea ugomvi. Nikachapisha, nikabandika, nikaenda kuswali adhuhuri na roho nyeupe.

Kanuni zetu zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini kwa lugha yoyote kosa lilikuwa hilo hilo. Maneno mawili hayakuwepo: "au mkazi".

Byamungu alipokuja kujiandikisha aliniuliza, "Mama Hajati, mimi naruhusiwa?" Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Umo, kamati imepitisha. Weka sahihi hapa." Hakusoma mlango. Kwa nini asome? Mwenye mlango alikuwa amemjibu.

Mchujo ukachezwa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Jozi mbili za juu ziliwaacha wengine mbali, hakuna aliyezigusa. Vita ikawa nafasi ya tatu. Jumapili alasiri nikabandika matokeo: tatu, Byamungu na Nakato, nne, kwa tofauti ndogo sana, Dokta Kiggundu na mkewe Robina.

Dokta Kiggundu alikuwa daktari wa mifugo mstaafu, mrefu, mtu wa tai hata Jumapili. Mara mbili nyingine alikuwa amemaliza wa nne, na macho yake yalianza kupatwa na ukungu. Alikuwa ameniambia mwenyewe kwamba akishindwa kuona karata za mezani ataacha. Kanuni ilitoa nusu saa ya pingamizi baada ya matokeo. Zilikuwa zimepita dakika kumi alipokuja mezani kwangu.

"Hajati, njoo unisomee kitu mlangoni."

"Kipi, Dokta? Karatasi ile nimeiandika mwenyewe."

"Ndiyo maana nataka uisome wewe."

Nikaenda. Akaweka kidole kwenye ibara ya nne. Nikasoma kwa sauti: mchezaji awe raia wa nchi hii. Nikasoma tena kimoyomoyo, nikitafuta yaliyofuata, na hapakuwa na kilichofuata ila nukta. 

"Kamati ilikubaliana..." nikaanza.

"Kamati ilikubaliana chumbani," akasema. "Mimi nilijiandikisha kwa hii. Sina ubaya na Byamungu, ni mchezaji kuliko mimi. Lakini naleta pingamizi, na naliandika sasa hivi, muda haujaisha."

Akaandika pale pale, akasaini. Nyuma yetu Nakato alikuwa amesikia.

"Dokta! Tumekupiga mezani, sasa unatupiga kwa mlango?"

"Nakato, tulia," Byamungu akamwambia, akamshika kiwiko. Yeye mwenyewe aliisoma ile ibara polepole, akanigeukia. Aliniangalia tu, akitaka nimwambie kwamba hakusoma vizuri.

Nitawaambia ukweli kwa sababu ninyi mtapitia hapo. Nilipobaki peke yangu ukumbini nilifikiri kufanya ujanja. Daftari lilikuwa kwangu, kompyuta ilikuwa kwangu. Ningeweza kuchapisha karatasi nyingine na kuapa kwamba mtu alibandua ya kwanza. Nilifika hadi kuifungua faili. Kilichonizuia si uchamungu, ni aibu ya kumkumbuka Mzee Jivan na vile vibao vyake. Nikaizima kompyuta, nikampigia simu, maana yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa jopo la rufaa, pamoja na mwanasheria mmoja na mwalimu mmoja mstaafu, wote watu wasiocheza mchujo.

"Mzee, nimekosea," nikasema.

"Kubwa au dogo?"

"Maneno mawili."

"Basi ni kubwa. Kesho saa nne uje na daftari na karatasi, vyote viwili. Usiguse kitu."

Jumatatu tukakutana, jopo, jozi zile mbili na mimi. Nikaeleza kila kitu mbele ya wote: kikao, faili ya zamani, jibu nililompa Byamungu. Mwanasheria akalisoma daftari langu akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapa pako wazi," akasema. "Kamati ilipitisha mkazi. Karani akasahau. Kosa la karani lisimwangukie mchezaji aliyeambiwa kwamba anaruhusiwa. Mimi naona Byamungu aende."

Mwalimu akakubali. Nilihisi mzigo unashuka, karibu nilie. Nakato alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele kwa sauti ndogo. Kisha Mzee Jivan akauliza kwa ile sauti yake: "Nani mwingine aliisoma karatasi hii?"

"Watu wote, Mzee. Ilikuwa mlangoni."

"Namaanisha nani aliisoma, kisha hayupo hapa."

Hapo ndipo nilipofundishwa kazi yangu mara ya pili. Nilichukua orodha ya wachezaji wa ligi ya kila wiki, nikailinganisha na waliojiandikisha kwenye mchujo. Jina moja halikuwepo: Mwalimu Wanjala, Mkenya, aliyekuwa akifundisha hesabu huku Kawempe kwa zaidi ya miaka kumi. Alipenda briji kama chakula. Nilidhani amesafiri. Mzee akaniambia nimpigie simu, niweke spika.

"Mwalimu, habari za kazi? Mchujo hukuja?"

"Nilikuja, Hajati. Wiki mbili kabla. Nikafika mlangoni, nikasoma, nikapanda boda nikarudi."

"Mbona hukuniuliza?"

Akacheka, kicheko kifupi. "Karatasi ikishabandikwa, mtu anauliza nini tena? Nilidhani hamtutaki mwaka huu. Si neno."

Si neno. Mzee Jivan akavua miwani akaifuta. "Mnaona," akasema. "Tukimpitisha Byamungu kwa daftari, tumemwonea Wanjala aliyetii mlango. Tukimtoa kwa mlango, tumemwonea Byamungu aliyeambiwa aingie. Na Dokta hajakosea popote."

Mwanasheria akapendekeza hiki, yule mwalimu mstaafu akapendekeza kile, na aliyekata shauri hakuwa wa jopo. Alikuwa Byamungu. Alisimama, kofia mkononi.

"Mimi naomba turudie. Mwalimu Wanjala naye akuje. Kama nitaenda, niende na watu wote wakiwa ndani."

"Turudie nini?" Nakato akaruka. "Mimi nimeacha duka siku tatu, samaki nimeachia dada yangu ambaye hajui kutofautisha ngege na mputa! Tumeshinda, tumeshinda! Kosa ni ya huyu!" Akanionyesha kidole. Alikuwa na haki.

Dokta naye hakutaka. Alisema kanuni iliyobandikwa ndiyo kanuni, basi. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe jopo likaamua: nafasi mbili za kwanza zibaki, kwa kuwa hakuna aliyezipinga, nafasi ya tatu ichezewe upya Jumamosi moja, jozi zote zilizobaki, pamoja na Wanjala na mwenzake. Wanjala akaulizwa kama ana lalamiko juu ya hizo mbili za juu. "Hao siwawezi hata nikicheza peke yangu," akajibu, akaleta sahihi yake siku hiyo hiyo.

Nikaomba kujiuzulu. Mzee Jivan akakataa. "Tukileta mwingine ataanza na makosa yake mapya. Wewe sasa ni mtu pekee Kampala ambaye hataisahau ibara ya nne."

Safari hii kabla ya kubandika nilichapisha nakala moja nikatembea nayo hadi kwenye cherehani ya Byamungu. Alikuwa anashona sare za shule, mguu ukipiga pedali. Nikampa karatasi na kalamu. "Isome kama mtu anayetaka kukufungia nje," nikamwambia.

Akasoma polepole, midomo ikicheza. Akafika ibara ya nne, akaacha kushona kabisa.

"Mama, mkazi ni nani?"

"Aliyekaa hapa miaka miwili."

"Nitaonyesha na nini? Niko na karatasi ya mkimbizi. Hii ni karatasi ya mkazi, ama ni ya mgeni? Mtu akisimama pale akasema ni ya mgeni, utajibu nini?"

Nilikuwa nimerudisha maneno mawili, na nyuma yake kulikuwa na tundu lingine kubwa kuliko la kwanza. Tukakaa pale, yeye kwenye kigoda chake na mimi kwenye benchi la wateja, tukaandika: mkazi athibitishe kwa hati yoyote halali ya kuishi nchini, ikiwemo ya mkimbizi, au kwa barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nikaipeleka kwa kamati, ikapita. Sentensi ile bado imo kwenye kanuni zenu. Wengi mnadhani iliandikwa na mwanasheria. Iliandikwa na fundi wa nguo, na sindano ikiwa kwenye ukosi wake.

Hili ndilo ningependa mlichukue kwangu kuliko yote. Rasimu ya kanuni usimpe rafiki yako aisome. Rafiki anasoma ulichokusudia. Mpe yule ambaye kanuni inaweza kumwacha nje, maana yeye anasoma kilichoandikwa.

Jumamosi ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, watu wakaingia na matope. Wanjala na mwenzake walicheza kwa furaha wakamaliza wa nane, na alipotoka alinipa mkono kana kwamba ameshinda. Nafasi ya tatu ikabaki pale pale ilipokuwa: Nakato na Byamungu, Dokta na Robina. Kibao cha mwisho kabisa kiliwakutanisha. Nakato alikuwa anacheza mkataba wa kopa, yaani ameahidi idadi ya mizunguko atakayoshinda, na kopa ndiyo turufu. Akazivuta turufu moja moja, kama anavyofanya siku zote, akasimama akidhani zimekwisha. Haikuwa hivyo. Mbili ya kopa, turufu ndogo kuliko zote, ilikuwa bado mkononi mwa Robina. Mwanamke aliyehesabu sangara kwa jicho alisahau karata moja. Robina akailaza juu ya mfalme wa Nakato wa rangi nyingine, turufu ikamla mfalme, na mkataba ukaanguka.

Nilihesabu alama mara tatu. Dokta wa tatu. Byamungu wa nne.

Nakato aliondoka bila kuaga. Miezi mingi baadaye hakuniita jina, aliniita "karani", na nilikubali. Kosa langu ndilo lililomleta kwenye kibao kile, na hakuna maneno ya kulifuta hilo. Byamungu alibaki kunisaidia kukusanya vibao. Nikashindwa kujizuia.

"Byamungu, nimekukosesha safari."

Alikuwa anahesabu karata za mfuko mmoja, uso chini. Akamaliza kumi na tatu kwanza.

"Mama, leo nimeshindwa na karata. Nitalala vizuri. Tangu nivuke mpaka, mimi nashindwa na karatasi tu. Karatasi ya hospitali, karatasi ya shule ya mtoto, karatasi ya kibanda. Kushindwa na karata ni kitu ya watu wote. Nimefurahi."

Niligeuka nikajifanya natafuta kifuniko cha birika.

Dokta na Robina walikwenda, wakacheza vizuri, wakarudi. Na hapa lazima niseme jambo juu ya Dokta, kwa sababu wengi walimnunia. Mimi namshukuru. Alileta pingamizi lake mchana, kwa maandishi, ndani ya muda, na jina lake chini. Angeweza kunong'ona. Angeweza kungoja timu ifike huko na kupeleka barua kwa wakubwa wa mashindano, tukaaibika nchi nzima. Mtu anayekupinga mbele ya uso wako anakusaidia kazi, hata kama siku hiyo unatamani ardhi ipasuke.

Mwaka uliofuata Nakato na Byamungu walimaliza wa kwanza. Hakuna aliyewakaribia. Ikabaki hati ya kusafiria ya Byamungu, na hiyo mnajua inavyozungusha mtu. Aliyekwenda naye ofisini, asubuhi baada ya asubuhi, akiwa na tai yake na bahasha chini ya kwapa, alikuwa Dokta Kiggundu. Macho yalikuwa yameshamkataza kucheza. Alikuwa akimwambia Byamungu, "Nisomee kilichoandikwa kwenye ule mlango," na Byamungu anamsomea, na Dokta anajua wapi pa kubisha. Wiki ya mwisho hati ikatoka. Nakato alinipigia simu mwenyewe kuniambia, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima akaniita Hajati.

Hawakuleta kombe, wanangu, walimaliza katikati. Waliporudi Byamungu alikuja kwangu Kyebando na kilo ya sukari na picha kwenye simu. Nilitegemea aanze kunieleza vibao, mkataba gani walipata na upi walikosa, maana wachezaji wote huanza hapo na hawanyamazi. Hakugusa karata hata moja.

"Mama Hajati, kulikuwa na karatasi ukutani," akasema. "Majina ya watu wote na nchi zao. Nikatafuta jina yangu. Nikaikuta. Mbele yake wameandika Uganda."

"Ndiyo. Ulitaka waandike nini?"

"Nikaenda kunywa chai. Nikarudi, nikasoma tena. Nakato akaniambia tunachelewa, meza inatungoja. Nikamwambia ngoja kidogo, Nakato. Ngoja nisome."